Shangazi, mume wangu aingie kwenye utafiti wa dawa ya saratani ya damu au tukatae?

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Jina langu naomba usiliweke, mimi ni mama wa watoto wawili nipo Morogoro, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mwaka 2019 alianza kupungua mwili, usiku jasho linatoka mpaka shuka linalowa, alafu ubavu wa kushoto pakawa pagumu kama kuna kitu kimekaa, sisi tukadhani vidonda vya tumbo tukazunguka na dawa za madukani mpaka mtu mmoja akatuambia nendeni mkapime damu vizuri. Chembe nyeupe zilikutwa zaidi ya laki mbili. Tukapelekwa Dar wakasema ni saratani ya damu ile ya polepole, wenyewe wanaiita CML, akaanzishiwa vidonge vya imatinibu ambavyo anapata bure kwa ule mpango wa msaada. Kwakweli shangazi vilimrudisha, bandama likashuka, akanenepa, akarudi kazini, shida ilikuwa tu macho kuvimba asubuhi na misuli kukaza usiku.

Sasa mwaka jana ndugu yake akamleta mzee mmoja eti anasafisha damu, akampa unga wa kuweka kwenye uji, akamwambia huu usichanganye na dawa za hospitali. Mimi nilikataa lakini si unajua mwanaume akishaamua. Akaacha vidonge kama miezi mitatu hivi, baadae akavirudia ila kwa kuruka ruka, akienda kazi ya mbali anasahau, na nauli ya Dar ikikosekana anakula nusu nusu ili visogee. Hospitali hatujawahi kusema. Kliniki ya juzi kile kipimo cha BCR-ABL, kinachoonyesha ugonjwa umebaki kiasi gani kwenye damu, ambacho kilishawahi kufika 0.08 kimekuja 14, daktari akasema inaonekana dawa imeshindwa, alafu akasema kuna utafiti wa kidonge kipya, wagonjwa wanagawanywa, wengine wanapewa hicho kipya wengine dawa nyingine ambayo ipo tayari sokoni, na anaechagua sio yeye ni kompyuta. Tumepewa fomu ndefu ya Kiswahili tukasome.

Hapo ndo vita imeanza. Mama mkwe amesema mwanae hawezi kufanywa panya wa wazungu. Shemeji katuma voisi noti kwenye grupu la familia anasema Nigeria watoto walikufa hivi hivi kwa majaribio na kwamba damu inauzwa nje ndo maana wanakupa mpaka nauli. Mume wangu anasema mimi nikisema asaini anasaini. Nina maswali shangazi. Kwanza si anaweza kupewa kidonge cha bure kisicho na kitu? Pili akiingia akaona hali mbaya anaweza kutoka? Na la tatu ndo linaninyima usingizi, ule unga na kule kuruka dawa tuseme au tunyamaze, maana naogopa tukisema watamkataa na kama dawa imeshindwa basi hiyo ndo nafasi yake ya mwisho. Nisaidie shangazi.

Mama Wawili, Morogoro

Marahaba mwanangu, pole sana wewe na baba watoto. Kabla sijaanza kujibu barua zenu nilikuwa nesi, sikuwa daktari na sijamwona mgonjwa wako, kwahiyo nachokwambia hapa ni cha kukupeleka kliniki ukiwa na maneno mdomoni, sio cha kukufanya usiende.

Naanza na hilo la tatu maana hayo mengine yote yanalalia hapo. Mseme. Tena mseme kabla hamjagusa kalamu.

Daktari amesema dawa inaonekana imeshindwa. Amesema hivyo kwa sababu yeye anaamini mgonjwa wake amekula kidonge kila siku na namba imepanda, na mtu akila dawa vizuri namba ikapanda kutoka 0.08 mpaka 14 kweli hapo dawa imeshindwa. Lakini wewe na mimi tunajua hakula. Sasa dawa iliyoshindwa na dawa isiyoliwa ni mambo mawili tofauti kabisa na matibabu yake hayafanani, na kipimo peke yake hakiwezi kumwambia daktari ni lipi kati ya hayo, kinachoweza kumwambia ni midomo yenu. London kwenye hospitali ya Hammersmith waliwahi kuwafuatilia wagonjwa 87 wa CML wanaotumia hiyo hiyo imatinibu, wakaweka vifuniko vya chupa vyenye chombo kinachorekodi kila ikifunguliwa, matokeo yakachapishwa 2010. Waliokula zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, uwezekano wao wa ugonjwa kushuka mpaka kile kiwango kizuri, kama ile 0.08 ya mumeo, ulikuwa kama asilimia 94, waliokula chini ya hapo ukawa kama 28. Piga hesabu mwenyewe, asilimia 90 ya mwezi maana yake ukiruka siku tatu tu upo kwenye mstari, na mwenzetu hakuruka siku tatu, aliacha miezi alafu akarudi na nusu nusu.

Kwahiyo inawezekana, nasema inawezekana, kwamba hiyo imatinibu bado ingemfanyia kazi akiimeza inavyotakiwa. Na inawezekana pia kwamba katika kile kipindi cha kukata kata, seli zimepata mwanya zikabadilika na sasa haiwezi tena. Kuna kipimo cha kuangalia hayo mabadiliko, muulize daktari kama amefanyiwa au atafanyiwa, na umuulize hasa habari ya badiliko linaloitwa T315I, kwa sababu likiwepo hilo imatinibu haifui dafu, na hata dasatinibu, nilotinibu na bosutinibu ambazo ndo huwa zinafuata nazo hazifui dafu, inatakiwa dawa ya aina nyingine kama ponatinibu au asiminibu. Unaona sasa kwanini nasema msifiche? Mnaweza mkaingizwa utafiti ambao hakuwa anauhitaji, au akapewa dawa ambayo kwake haina kazi.

Unasema mkisema watamkataa. Wanaweza, sikudanganyi. Kila utafiti una masharti ya nani anaingia, na mtu aliyeacha dawa mwenyewe huenda wakamwambia hafai, au wakamwambia rudi kwanza ule dawa kamili tupime tena ndani ya miezi michache. Hiyo siyo kufukuzwa hospitali mwanangu, kukosa utafiti hakumtoi kwenye kliniki yake wala kwenye ule mpango wa vidonge vya bure. Na utafiti sio nafasi ya mwisho kama unavyodhani, ndo maana hiyo dawa ya upande wa pili ipo tayari sokoni, muulize daktari kama nje ya utafiti anaweza kuipata na kwa njia gani, mpango wa Max Foundation ambao umekuwa ukileta imatinibu kwenye nchi nyingi zikiwemo zetu umeshaongeza na dawa nyingine za CML, swali ni kama kwa hapo mlipo ipo na kama anastahili.

Alafu na huo unga. Hatujui una nini. Dawa hizi zote za CML zinavunjwavunjwa kwenye ini na kuna miti na hata matunda, balungi kwa mfano, yanayoweza kufanya dawa ijae mwilini kupita kiasi, na mengine yanaifanya itoke haraka isifanye kazi. Akiwa ndani ya utafiti ini likaanza kulalamika, watafiti wataandika kidonge kipya ndo kimeharibu ini, kumbe ni uji. Wanaweza hata kumsimamisha dawa iliyokuwa inamsaidia. Kama umebaki kidogo kwenye mfuko wake nendeni nao, msione aibu, manesi na madaktari wa wadi za saratani wameona mifuko ya namna hiyo mingi kuliko unavyofikiri na hakuna atakaeshtuka. Akigoma kusema mwenyewe, mwambie wewe utasema akiwepo. Na kama tatizo ni nauli, hilo nalo liseme kama lilivyo, maana huko kwenye utafiti safari za kliniki huwa ni nyingi zaidi sio pungufu, na vidonge vinahesabiwa, chupa inarudishwa wanahesabu vilivyobaki. Mtu anayekula nusu nusu hatafika mbali huko.

Mpaka siku mtakapomwona daktari, asiache imatinibu na asikate. Kamili, kila siku, na chakula na maji ya kutosha. Unga usimame leo. Na akianza homa isiyoelezeka, michubuko, kutokwa damu kwenye fizi au kile kitu cha ubavuni kurudi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Haya tuje kwenye kidonge kisicho na kitu. Kwenye saratani ambayo ina dawa inayojulikana, hawamchukui mgonjwa wakamwachisha dawa wakampa unga mtupu wakae wamwangalie. Wanalinganisha kipya na kile kizuri kilichopo, na hivyo ndivyo ulivyoelezwa, kundi moja kipya na lingine dawa ya sokoni. Kwenye fomu hiyo ndefu tafuta panaposema makundi, jina la dawa ya kundi la pili lazima liwe limeandikwa, kama halipo uliza. Nikupe mfano wa utafiti wa kweli unaofanana na huo wenu, uliitwa ASCEMBL, ulikuwa na wagonjwa 233 ambao walishatumia dawa mbili au zaidi za CML, wakagawanywa kwa bahati, wawili wanapata asiminibu kwa kila mmoja anayepata bosutinibu. Baada ya wiki 24, kwenye kila 100 wa asiminibu kama 25 walifika kile kiwango kizuri cha damu, wa bosutinibu kama 13. Na walioacha kwa sababu ya madhara walikuwa wachache upande wa asiminibu, kama 6 kwa 100, huku kwingine 21. Marekani wakaipitisha 2021. Sasa wewe iangalie hiyo hesabu kwa pande zote, kipya kilishinda, ndio, lakini hata huko kwenye kushinda wengi kati ya wale 100 walikuwa bado hawajafika kiwango hicho kwa hizo wiki 24. Anayekwambia kidonge kipya ni uponyaji mtoe maana anakuuzia, na anayekwambia ni sumu nae mtoe.

Tena mama mkwe umwambie kitu kimoja kwa heshima. Hicho kidonge kilichomrudisha mwanae 2019 nacho kilipita huko huko kwenye majaribio. Miaka ya tisini mtu wa CML alikuwa anachomwa sindano za interferoni zinazomwacha na homa na uchovu kila siku, au awekewe uboho wa ndugu yake kama ana bahati ya kufanana nae na ana pesa. Mwaka 1998 Dr. Brian Druker kule Oregon, Marekani, alianza kuwapa imatinibu wagonjwa ambao interferoni ilishawashinda, na kati ya 54 waliopewa miligramu 300 kwenda juu, damu za watu 53 zilirudi kawaida. Ukaja utafiti mkubwa unaitwa IRIS ulioanza 2000, watu 1,106, nusu imatinibu na nusu sindano za zamani pamoja na dawa nyingine, na wale waliopangiwa sindano hawakuachwa huko wafe, ilikuwa inaruhusiwa kuhamia upande wa kidonge na wengi wao walihama. Miaka kumi baadae zaidi ya 80 katika kila 100 ya walioanza na imatinibu walikuwa hai. Hao watu ndo walimfanyia mwanae jaribio, na hawakuwa panya, walikuwa walimu na madereva na mama zetu wa huko.

Shemeji yako nae asidharauliwe, anachosema cha Nigeria kilitokea. Ni Kano, 1996, kulikuwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ikawapa watoto 200 dawa, nusu dawa yao mpya ya Trovan na nusu dawa iliyozoeleka, watoto 11 wakafa kutoka pande zote mbili na wengine wakabaki na ulemavu, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndo iliua, ila 2009 ilikubali kutoa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Lakini sikiliza tofauti. Wale wazazi walikuwa kwenye mlipuko, mtoto anakata roho, wanasema hawakuambiwa. Ninyi mmepewa karatasi ya Kiswahili mkaambiwa nendeni nayo nyumbani mkasome. Kwahiyo woga wa shemeji ugeuzeni maswali mwende nayo. Tanzania utafiti wa dawa lazima uwe na kibali cha TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha kamati ya taifa ya maadili iliyopo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwenye fomu lazima kuwe na namba za simu za watu wawili tofauti, mtafiti mwenyewe na kamati ya maadili, ili ukiwa na malalamiko juu ya mtafiti usilazimike kumlalamikia yeye yeye. Pigeni hiyo namba ya kamati, waulizeni mnautambua utafiti huu? Shemeji ndo apige maana anaonekana ana muda.

Damu kuuzwa, hapana, nauli mnarudishiwa kwa sababu wanawaita mara nyingi kuliko kliniki ya kawaida. Sampuli kwenda nje huwa inatokea kweli, ina kibali chake na fomu ina kipengele chake, na mara nyingi unaweza kukubali utafiti ukakataa damu yako ihifadhiwe kwa tafiti nyingine za baadae. Soma, kuna sehemu ya kuweka tiki.

Kutoka, anatoka muda wowote, hata wiki ya pili, bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Ila asipotee kimya kimya, awaambie, kwa sababu wanatakiwa wampangie anarudi kwenye dawa gani, hizi dawa haziachwi hewani.

Sasa swali ambalo hukuniuliza na ningekuwa wewe ningelianza nalo ni hili, utafiti ukiisha na hicho kidonge kinamsaidia, nani atampa? Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Umekaa nacho miaka miwili, namba imeshuka, alafu unaambiwa asante kwa ushiriki wako, na dukani huwezi kukinunua hata ukiuza nyumba. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na wamekuwa wakilirekebisha tangu hapo, linataka jambo la dawa baada ya utafiti lipangwe kabla ya kuanza na mshiriki aambiwe. Kwahiyo liwe kwenye karatasi. Daktari akikujibu kwa mdomo tu usijali tutaangalia, mwambie kwa upole naomba unionyeshe ukurasa. Mimi binafsi kama ukurasa huo haupo au unasema dawa inaishia siku utafiti unapoishia, ningesita sana kwa mtu ambae bado ana dawa nyingine za sokoni hajazijaribu. Kwa mtu mwenye T315I ambae njia zake ni chache, hapo ningesita kidogo tu.

Mengine ya kuuliza wakati mpo hapo hapo: utafiti upo awamu ya ngapi, maana awamu ya kwanza wanatafuta kiasi cha dawa na usalama, ya tatu wanalinganisha kama ulivyoelezwa. Akipata madhara nani analipa matibabu, kuna bima? Moyo utapimwa, kwa sababu baadhi ya dawa za CML zinagusa mapigo na mishipa? Kipimo cha BCR-ABL kitafanyika kila baada ya muda gani na majibu nae atapewa au yanabaki kwao? Hicho siku hizi kinafanyika hata kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima TB, kwahiyo asiambiwe majibu lazima yasubiri miezi. Kama mnafunga Ramadhani semeni mapema, nilotinibu kwa mfano inaliwa mara mbili kwa siku na tumbo liwe tupu, saa mbili bila kula kabla na saa moja baada, mkiwa hamjapanga na daktari ataanza tena kuruka. Na kama mna mpango wa mtoto wa tatu uliza pia, tafiti nyingi zinataka uzazi wa mpango wakati wote wa dawa, wakati mwingine hata kwa wanaume.

Kuhusu nani aamue. Mume wako anakutupia wewe mzigo, ukisema asaini anasaini, alafu ikienda vibaya mama mkwe atajua pa kupeleka lawama. Usikubali hiyo. Mwili ni wake, saini ni yake, na kisheria hakuna mwingine anayeweza kumsainia akiwa na akili zake timamu. Wewe kazi yako ni kusoma nae fomu, kuandika maswali na kuhakikisha lile la unga limesemwa. Mama mkwe mchukueni mwende nae Dar, akae pale mbele ya daktari aulize mwenyewe habari ya panya, madaktari wa utafiti wanatakiwa wajibu mpaka muelewe na hata ikichukua ziara mbili tatu hawaruhusiwi kuwasukuma. Akishajibiwa na mtu mwenye koti jeupe anaemtazama usoni, huenda akabaki na msimamo wake na ni haki yake, ila ile voisi noti ya grupu itakuwa imepata mpinzani. Fomu ikisainiwa mnarudi na nakala yenu nyumbani, iwekeni pamoja na kadi ya kliniki.